Mkuza Nyuma ya Nyumba ya Mzee Masalu

Limi alinipigia simu saa tatu asubuhi, siku ya Jumanne, na kabla hajasema neno nilikwisha kujua, kwa sababu Limi hanipigii simu. Katika miaka mitano tangu niondoke kwao alikuwa amenitumia ujumbe mara mbili tu, zote za Krismasi. Nilikuwa chumbani kwangu Butimba, nimekaa kitandani na kompyuta magotini, naandika barua ya maombi ya kazi ambayo nilikuwa nimeiandika kwa siku nne. Alisema, "Dada Kabula, baba ametutoka." Nilisema pole. Kisha nikauliza swali ambalo mpaka leo linaniaibisha: niliuliza kama mzee alisema chochote kabla ya kufa. Limi alidhani nauliza kwa upendo. Akasema hapana, alikuwa hawezi kuongea tangu Ijumaa. Nilishusha pumzi, na nadhani alinisikia.

Niseme mapema jambo lenyewe, kwa sababu mimi ni mtu wa kuzunguka na nikijiachia nitazunguka mpaka msomaji achoke. Mzee Masalu, baba yake Limi, alikuwa mlinzi wa msitu wa hifadhi wa mlima Lwanzagi, upande wa Sengerema, kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Alifukuzwa kazi kwa kosa la kuwafungulia njia wachoma mkaa. Njia hiyo niliifungua mimi. Nilikaa mlimani pale mwaka mmoja tu, nikiwa nimetoka chuo na shahada ya misitu, na niliondoka bila kusema. Kwa hiyo alipokufa, alikufa mtu ambaye angeweza kuniuliza siku yoyote, na kuna sehemu yangu moja, ambayo siipendi, iliyopata nafuu.

Nilivuka kwa kivuko kesho yake asubuhi. Nilisimama upande wa mbele, nimeshika chuma, nikijaribu kuutafuta mlima kabla haujaonekana. Kwetu Mwanza mtu amezoea vilima vya mawe matupu, mawe yamepandana juu ya mawe na nyumba zimening'inia katikati yake. Lwanzagi nao ni wa mawe, lakini mwaka ule nilipofika mawe yake yalikuwa yamevaa. Ulikuwa na mikanda mitatu, na niliichora katika daftari langu wiki ya kwanza kabla sijajua kitu kingine chochote. Chini, pale mashamba ya mihogo yalipokomea, kulikuwa na ukanda wa miiba, kichaka kizito ambacho hata mbuzi walikiingia kwa kusitasita. Juu yake yalianza majabali ya kijivu, mengine makubwa kama kanisa, yenye nyufa ambamo pimbi walikaa wakitutazama kama wajumbe wa kamati. Na katikati ya majabali, ndani ya korongo lililoukata mlima kutoka begani hadi kiunoni, ndimo msitu wenyewe ulimokuwa: mivule, mikuyu, na miti mingine mirefu ya kivuli ambayo majani yake yaliyoanguka yalilala chini kwa unene wa godoro. Ukikanyaga, mguu ulizama na unyevu ukapanda mpaka kwenye soksi. Chini ya mkuyu mmoja, kati ya mawe mawili, unyevu huo ulikusanyika ukawa maji, baridi, bila kelele, ukashuka kwa mkondo mwembamba mpaka kijijini. Wanawake waliyaita maji ya juu, kuyatofautisha na maji ya ziwani, ambayo yalikuwa mwendo wa saa nzima na yalinuka dagaa.

Kutoka kwenye kivuko sasa niliona mlima wa kijivu mtupu, na juu yake mstari mmoja mweupe ulionyooka kutoka chini hadi begani, kama kovu la kushonwa. Mama mmoja aliyekuwa na tenga la nyanya aliniona nimekodoa macho. Akaniambia ile ndiyo njia ya mkaa, tena mlinzi mwenyewe ndiye aliyeifungua, watu wana tamaa. Nilimwambia naifahamu. Hilo tu ndilo nililomwambia.

Nyumba ya Mzee Masalu ilikuwa ya mwisho kabla ya kigingi cheupe cha mpaka wa hifadhi. Ilikuwa na vyumba vitatu na bati lililokandamizwa kwa mawe ili upepo wa ziwani usilibebe. Nilipewa chumba cha Limi, ambaye alikuwa ameolewa Geita. Kilikuwa na kitanda cha kamba, kalenda ya kanisa ya miaka miwili nyuma, na magunia matatu ya michembe yaliyokifanya chumba kizima kinuke viazi vitamu vilivyokauka. Dirisha lake lilitazama mlima. Siku ya kwanza nilimwamkia mzee shikamoo mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza nilihisi sikumwamkia kwa heshima ya kutosha na mara ya pili niliona aibu ya ile ya kwanza. Aliitikia marahaba zote tatu bila kucheka. Chakula kilikuwa ugali wa udaga, yaani mihogo iliyovundikwa ikaanikwa, mlenda, na furu, samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa wakakauka. Mama Limi, mke wake, alinitazama ninavyomega kidogo kidogo. Jioni, nikiwa kitandani, niliwasikia sebuleni, maana kuta za ndani hazikufika kwenye bati. Mama Limi alisema huyu mtoto hali. Mzee akasema anakula, ila anakula mawazo, ukimwangalia utaona anatafuna. Wakacheka kwa sauti ya chini. Nilikaa nikifikiria kicheko kile mpaka usingizi ukanichukua, nikijiuliza kama kilikuwa cha kunipenda au cha kunichoka. Leo najua kilikuwa cha kunipenda, na kujua huko hakunisaidii.

Kazi ya mzee sikuielewa kwa miezi mingi. Nilitegemea mlinzi mwenye njia zake za doria, saa zake, mahali pake pa kusimama. Mzee Masalu hakuwa na njia hata moja. Kila siku aliingia mlimani kutoka mahali tofauti. Leo alitambaa chini ya miiba karibu na shamba la mihogo, kesho alizunguka nusu saa hadi kwenye jabali la upande wa magharibi, keshokutwa alipita kwa jirani. Alikanyaga mawe alipoweza, na pale asipoweza aligeuka nyuma na kuyainua majani kwa ncha ya fimbo yake yasibaki yamelala. Kutoka nyumbani hadi kwenye chemchemi palikuwa karibu, ungeweza kupiga kelele ukasikika. Yeye alitumia saa mbili. Nilimfuata nikiwa na suruali iliyochanika magotini na hofu ya koboko kila nilipoinama, na siku moja nilimuuliza kwa adabu kwa nini tusifyeke kanjia kadogo tu. Alisimama, akashika mti, akasema, "Mguu wangu ukipita hapa siku tatu, wa nne atakuwa mbuzi. Wa tano atakuwa mtu mwenye shoka." Kisha akaendelea kutambaa. Nilipomsimulia Mama Limi alisema ni kweli mume wake hapendi njia, isipokuwa ya kwenda kilabuni, hiyo haijawahi kuota majani. Nilicheka naye. Ndani ya moyo wangu niliandika kwamba mzee ana tabia za zamani, na daftarini niliandika vilevile, kwa maneno ya heshima zaidi.

Wakati wa masika mlima ule ulikuwa na namna yake ya kunyesha. Mawingu yalitoka ziwani asubuhi, yakagota begani mwa mlima, yakabaki pale kama ng'ombe waliofika zizini. Kijijini palikuwa pakavu na juu kunanyesha. Nilikaa na mzee chini ya jabali lililoinama, tukila matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, kutoka mfukoni mwake, na alinionyesha jinsi maji yanavyoingia katika majani na kutotoka. "Yanaenda wapi?" alikuwa akiniuliza, kama mwalimu, na mimi nikamjibu kwa maneno ya chuo, na yeye akasema, "Yanasubiri kiangazi." Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na nne. Sidhani nimewahi kuwa na amani kiasi kile, na nilikuwa nayo bila kuitambua, kwa sababu muda wote nilikuwa nahesabu siku za kukabidhi ripoti.

Ripoti ndiyo iliyonimaliza. Mkubwa wangu wa wilayani alitaka sampuli za miti zipimwe kila baada ya mita mia kwenye mstari ulionyooka kutoka mpakani hadi begani mwa mlima. Mstari kama huo, kwa lugha yetu ya misitu, unaitwa mkuza: unafyeka upana wa mita moja, unanyoosha kwa kamba, unapima. Barua yake ilisema mkuza uanzie mahali panapofaa. Mzee alishauri upande wa kaskazini. Kule, alisema, mstari ungekwenda mita mia tatu na kugonga jabali lililosimama kama ukuta, na yeyote ambaye angeufuata baadaye angerudi alikotoka. Mimi nilitaka kufika begani. Tena upande wa kaskazini ulikuwa mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na kila siku kwenye majani marefu, na nilikuwa nimeota nyoka mara nne. Nilikaa na ramani siku mbili. Niliandika faida na hasara katika safu mbili. Mwishowe nilichagua nyuma ya nyumba, na sababu niliyoiandika ilikuwa ya kitaalamu kabisa.

Tulikuwa tunakula nilipomwambia. Mzee aliacha kumega. "Lazima unyooke?" aliuliza. Nikasema lazima. Akauliza nikimaliza kupima nani ataufunga, na mimi nikasema mvua zikija utajifunga wenyewe. Akauliza kama barua inasema hivyo. Nikasema ndiyo. Barua haikusema hivyo. Haikusema lolote kuhusu kufunga. Aliitikia kwa kichwa, akaomba maji ya kunawa, na ugali wake ukabaki.

Waliofyeka ni mimi na mapacha wawili wa kijijini, Kulwa na Doto, watu wazima wenye watoto, hodari wa panga na wa maneno. Waliniita Madamu. Kulwa alikuwa akisema Madamu anataka kupanda mlima kwa viatu virefu, ndiyo maana tunamtandikia barabara. Doto alisema tukifika juu tutamjengea na kituo cha mabasi. Nilicheka kwa sababu sikutaka waone ninavyoogopa. Miiba ile ilikuwa imesukana kiasi kwamba ukikata mti mmoja haukuanguka, ulibaki umening'inia kwa wenzake. Siku ya tisa tulitokea korongoni, jua likaingia mahali ambapo nadhani halikuwahi kuingia. Niligeuka. Kutoka chini ya mkuyu wa chemchemi niliona moja kwa moja, chini kabisa, Mama Limi anaanika udaga juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Nilimpungia mkono. Nilijisikia mtu aliyefanya kazi.

Kisha kukawa na jambo la matawi. Kila Jumatatu tulipokuja kupima tulikuta mkuza umezibwa. Matawi ya miiba, mabichi, yalikuwa yameburutwa na kusukumwa katikati ya njia, yamefungwa kwa magome ya miti, mahali pawili, patatu. Kulwa alisema mlima unajifunga wenyewe, Madamu, kama ulivyosema. Mimi niliona ni watu wa kijiji wanaopinga kazi ya serikali, au wachunga mbuzi, au mtu anayenichukia mimi binafsi, na hilo la mwisho nililifikiria zaidi. Tuliyaondoa. Wiki iliyofuata yalikuwepo tena, mazito zaidi. Tukayaondoa. Katika daftari, chini ya kichwa cha changamoto, niliandika: kuzibwa kwa mkuza na watu wasiojulikana. Wiki ya tano mimi mwenyewe niliyaburuta ya mwisho, nikayatupa korongoni, na nikawa na hasira tamu ya mtu anayeonewa.

Mkubwa wangu alihamishwa Julai. Aliyekuja baada yake hakuwahi kulifungua faili la mkuza, maana faili nilikuwa nalo mimi. Mwezi wa nane tulikuwa tunakunywa uji tuliposikia pikipiki. Haikuwa barabarani. Ilikuwa nyuma ya nyumba, inapanda. Sijui kwa nini sikuwahi kufikiria, mimi ninayefikiria kila kitu, kwamba mita moja ni upana wa pikipiki. Mzee aliweka kikombe chini na kutoka. Alirudi mchana, shati limepasuka begani, akasema ni watu sita, hajui wanatoka wapi, na wana misumeno ya mnyororo. Alitembea mpaka ofisini kutoa taarifa. Alikwenda mara nne. Aliambiwa gari halina mafuta, kisha aliambiwa aandike, kisha aliambiwa asubiri. Pikipiki zilikuja kila asubuhi na zilishuka na magunia yamesimama kama ukuta nyuma ya dereva. Vijana wa kijiji walipata kazi ya kupakia. Kulwa na Doto pia. Hawakunitazama tena usoni, na mimi sikuwatazama.

Kufikia mwisho wa Oktoba korongo lilikuwa shimo la mashina. Majani yale ya unene wa godoro yalikuwa yamechomwa ndani ya matanuri ya mkaa pamoja na kila kitu, na upepo ulipovuma vumbi jeusi lilishuka hadi kwenye udaga wa Mama Limi. Pimbi walihama. Siku moja niliwakuta wanawake wamekaa kuzunguka chemchemi na vikombe, wanachota tope, wanasubiri litulie, wanamimina, wanachota tena. Mmoja alinisalimu mwangaluka, kwa Kisukuma, kama kila asubuhi, akasogea nipate kivuli. Palikuwa hapana kivuli. Alikuwa amesogea kwa mazoea tu.

Walipokuja watu watatu wa uchunguzi, ripoti yangu ilikuwa imewatangulia. Niliiandika mara kumi na moja. Katika ile ya kwanza nilisema wazi kuwa mkuza niliufyeka mimi kwa kazi ya kupima. Katika ile ya nne nilisema ulifyekwa kwa kazi ya kupima. Katika ile ya kumi na moja kupima hakukuwepo tena. Palikuwa na sentensi moja: njia inayotumiwa na wachoma mkaa inaanzia nyuma ya nyumba ya mlinzi. Kila neno lilikuwa kweli, nililipima kila moja. Wakaketi uani kwenye mabenchi ya kanisa, wakamuuliza mzee ni nani aliyefungua njia hii. Alinitazama mara moja. Haikuwa sura ya kulaumu, ningeweza kuivumilia ya kulaumu. Ilikuwa ile ya chini ya jabali, ya mwalimu anayengoja jibu. Mimi nilitazama viatu vya mmoja wa wageni, vyeusi, vya kamba, kimoja kimefungwa vibaya. Mzee akasema, "Imeanzia kwangu." Waliandika. Wakamuuliza kama ana la kuongeza, akasema hana. Niliondoka wiki mbili baadaye. Mama Limi alinifungia michembe kwenye kitambaa, na nilikula yote, siku hiyohiyo, kwenye kivuko, kama mtu anayeficha ushahidi.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo nilipoingia uani kwao siku ile ya msiba. Wanawake walikuwa kwenye mikeka, wanaume kwenye mabenchi yale yale. Limi alinikumbatia na kabla sijakaa aliniomba jambo. Wasifu wa marehemu ulikuwa haujaandikwa. Utasomwa kabla ya mazishi saa nane, na katika nyumba nzima hakuna mwenye mkono mzuri, na mimi ni msomi na niliishi na baba. Nilipewa daftari la shule na kalamu, nikawekwa katika chumba changu cha zamani. Kalenda ilikuwa ile ile. Magunia hayakuwepo. Niliandika alipozaliwa, ubatizo, ndoa, watoto. Nilipofika kwenye kazi niliandika: alifukuzwa kwa kosa ambalo hakulifanya, njia ile ilifunguliwa na Kabula, mtaalamu wa misitu aliyeishi kwake. Niliandika mara moja tu, bila kufuta. Nilitoka nikampa baba mdogo wa Limi, aliyekuwa msimamizi wa shughuli, nikaenda kusimama nyuma ya nyumba.

Katekista alisoma vizuri. Alipofika kwenye kazi alisema marehemu alilitumikia taifa katika idara ya misitu hadi alipopumzika. Akaendelea na ugonjwa. Nilimtazama baba mdogo, naye alinitazama na kutikisa kichwa kidogo, kwa upole, kama mtu anayekuokoa usijiaibishe. Ningeweza kusimama. Nilikuwa na nafasi: katekista aliuliza kama kuna mwenye neno. Nilianza kuipanga sentensi, niianze na samahani au na jina langu, nitaje ofisi au nisitaje, na nilipokuwa bado kwenye samahani watu wakanyanyuka na jeneza likabebwa.

Jioni nilimfuata Mama Limi jikoni. Alikuwa kwenye kigoda, anachambua mchicha, amefunga kanga kiunoni na nyingine kichwani. Nilipiga magoti nikamwambia kila kitu, kwa mpangilio mbaya, nikianza na barua na kuishia na viatu vya yule mgeni. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza alisema, "Sasa unaniambia mimi? Mimi si nilikuwa naanika udaga, ukanipungia mkono?"

Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa shahidi. Miaka mitano nilimhesabu mzee peke yake.

Nikamuuliza kwa nini hawakusema. Akasema mzee alikataa. Alisema huyu mtoto anaandika sana, ataandika na hili, tumwache amalize. "Tukakusubiri," alisema. "Mwaka wa kwanza alikuwa akisikia gari anatoka nje." Kisha akaniuliza kama nakumbuka matawi. Nilisema nakumbuka, kuna watu walikuwa wanatuzibia. Aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Watu gani, mwanangu? Kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa anaburuta miiba mpaka jioni. Mlikuwa mnakula sahani moja. Mikono yake ulikuwa huioni?"

Nilikuwa naiona. Hilo ndilo siwezi kulizunguka. Niliona mikwaruzo ile kila Jumatatu asubuhi, myekundu, mipya, kuanzia vidole hadi viwiko, aliponinyooshea mkono kunipa kikombe, na nikafikiri ni ya kutambaa kwake kwenye vichaka, na nikafikiri laiti angekubali njia asingeumia hivi.

Mama Limi aliniambia siku ya kuanua matanga watu wote watarudi, na nitasema mwenyewe, kwa mdomo, bila karatasi. Nikauliza kama baba mdogo ataruhusu. Akasema baba mdogo hakuishi na Masalu, yeye mkewe ndiye aliyeishi naye. Nililala pale siku tatu. Asubuhi ya pili nilipanda mkuza. Haukuota hata jani. Tairi ziliupiga ukawa mgumu kama sakafu. Nilijaribu kutoka nje yake, nitembee kama yeye, nitafute mawe ya kukanyaga na majani ya kuinua, lakini pande zote mbili palikuwa wazi, udongo mwekundu na mashina, na popote nilipokwenda nilionekana kutoka nyumbani. Mkuyu ulikuwepo bado, kwa kuwa mkuyu hautoi mkaa wa maana. Kati ya yale mawe mawili palikuwa na mchanga mkavu na kikombe cha plastiki kilichopasuka.

Siku ya kuanua matanga nilisimama. Nilisema jina langu, nikasema njia ya mlima niliifyeka mimi, kwamba Mzee Masalu alinionyesha mahali pengine nikakataa, kwamba alikuwa anaifunga na mimi naifungua, na kwamba alipoulizwa nilikuwepo nikanyamaza. Ilichukua muda mfupi kuliko kuagiza chai. Hakuna aliyesonya. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, kwa kutukanwa, hata kwa kusamehewa, na kila moja nilikuwa na jibu lake. Watu walikaa tu. Kwenye benchi la nyuma Doto alisimama, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, kofia mkononi. Alisema, "Tulikuwa watatu," akakaa. Baba mdogo alitazama chini. Mama Limi alikuwa ananitazama, na nilifikiri ameridhika, kisha nikaona hanitazami mimi, anatazama nyuma yangu, mlimani.

Aliyesema baada yake ni yule mwanamke aliyesogea nipate kivuli mwaka ule, pale kwenye chemchemi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooka, ndoo ya manjano kando yake. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayemuuliza mtaalamu.

"Haya, tumesikia. Na maji?"

Nilifungua mdomo. Mwaka mzima wa mlima ule ulikuwa kichwani mwangu, mikanda mitatu, mawingu yaliyogota begani, majani, na neno la mzee kwamba maji yanasubiri kiangazi. Nilitafuta namna ya kulisema, kwa njia ya kwanza na ya pili na ya kumi na moja. Alinisubiri kwa adabu. Kisha aliweka kata kichwani, akapandisha ndoo yake tupu, na wenzake wakanyanyuka mmoja mmoja wakamfuata, wakiupa mlima mgongo, kuelekea ziwani.